Mjomba wa Kukodi na Sakafu ya Bibi Guk

Tak Jongbae alikuwa mtu wa kuvua viatu haraka. Kwa sisi wengine hapa mjini Wonju kuvua viatu mlangoni ni adabu tu, unavua huku unasalimia. Kwake yeye ilikuwa ndiyo kuripoti kazini. Kabla mwenye nyumba hajamaliza kusema karibu, nyayo za Jongbae zilishajua sakafu imeinama upande gani na fundi aliyeilaza alikuwa na haraka kiasi gani. Mke wake aliacha kufuatana naye kwenye migahawa ya kukaa chini. Wenzake wakiwa wanachagua supu, yeye alikuwa anapapasa sakafu chini ya meza kwa kiganja, kama mtu aliyepoteza jino la bandia.

Usimcheke sana. Miaka ishirini na tatu alikuwa fundi wa kumwaga sakafu. Katika kila fleti wengine walitangulia kutandika mabomba ya maji moto, yale yanayopasha joto nyumba kuanzia chini, kisha likaja kundi la Jongbae, likamwaga mchanga na simenti juu yake na kusawazisha huku likirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mlango ukifungwa, basi. Alitengeneza sakafu za watu elfu kadhaa na hakuwahi kulala juu ya hata moja. Magoti yalipogoma akabadilisha upande: akawa mkaguzi wa nyumba mpya, anayekodiwa na watu wanaokaribia kupewa funguo. Mafundi wenzake wa zamani walimwita msaliti. Yeye alisema hapana, alitaka tu kujua ile hadithi iliishaje baada ya yeye kutoka mlangoni.

Na kweli alisoma nyumba kama hadithi. Aliweza kuangalia ukuta wa vigae akasema, "Huyu alikuwa mwenye mkono wa kushoto. Hapa akaenda kula. Hapa karudi, kashiba, anasinzia." Wateja walidhani ni maneno ya biashara. Halafu wanagonga pale pa kusinzia, wanasikia uwazi nyuma ya kigae, wanaanza kumwangalia kwa woga kidogo.

Tabu ya kazi hii ni makampuni. Jengo likikamilika, kampuni hutoa siku tatu za ukaguzi. Kila familia inakuja na roli la stika nyekundu, inabandika stika kila inapoona kasoro, inapiga picha, inajaza fomu. Usichobandika ndani ya siku hizo, ukija kulalamika baadaye utaambiwa umekiharibu mwenyewe kwa kusukuma friji. Sasa kampuni gani inapenda mtu kama Jongbae aingie na vifaa vyake siku kama hiyo? Ya jengo la kisa hiki iliandika kabisa kwenye mwaliko: mwenye nyumba na ndugu zake wa damu peke yao, vyombo vya kupimia ni marufuku.

Basi Jongbae akawa ndugu wa damu. Msimu ule peke yake alikuwa ameshakuwa mjomba wa watu kumi na mmoja, baba mdogo wa wanne, na mara moja baba mkwe mtarajiwa wa kijana aliyeachwa wiki mbili baadaye. Ile Jumamosi ya mwisho wa Februari alikuwa mjomba wa Eom Hyeran.

Hyeran alikuwa na miaka arobaini na nne, mwalimu wa udereva, mwanamke wa sauti tulivu iliyotengenezwa na miaka ya kukaa kando ya watu wanaotaka kumuua bila kukusudia. Walikutana kwenye maegesho ya jengo. Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikaa mama yake, Bibi Guk, wa miaka sabini na saba, amevaa koti juu ya koti, mapajani kakumbatia mfuko wa chakula.

"Kabla hatujapanda nikwambie ukweli," Hyeran alisema, akimvuta Jongbae pembeni. "Sebule siijali, jiko silijali. Ninachotaka ni chumba kimoja tu, cha mama. Anaishi peke yake kule mlimani, nyumba ya kuwasha kuni. Desemba alianguka uani kwenye barafu akiwa amebeba kuni, akalala pale mpaka mpeleka barua alipofika. Nimembembeleza miaka mitano ahamie kwangu. Leo kakubali kuja kulala juu ya sakafu ya chumba chake. Kasema mgongo wake ukikubali, atahama. Ukikataa, nisimtajie tena habari hizi mpaka anaingia kaburini."

"Mgongo wake nitaukaguaje?"

"Wewe kagua sakafu. Ikiwa na kasoro nataka kujua kabla yake."

Kilichofuata ni mazoezi ya undugu. Hyeran akafungua mlango wa nyuma. "Mama, huyu hapa leo ni mdogo wako. Tak Jongbae. Ukiulizwa, mdogo wako."

Bibi Guk akamkagua kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka, kama anayenunua ng'ombe. "Mdogo wangu? Na haya masikio? Kwetu hakuna aliyezaliwa na masikio ya vifuniko vya sufuria."

"Ni kwa leo tu, mama."

"Na ukoo je? Mimi Guk, yeye Tak."

"Hawataomba kitambulisho, bibi," Jongbae akasema.

"Unamwita nani bibi? Dada yako ndiye bibi yako?" Akamnyooshea mfuko wa chakula. "Shika, Jongbae. Na kuwa makini, kuna mayai. Mimi tangu nizaliwe sijadanganya mtu, na sitaanza leo."

Hiyo ilikuwa saa saba na nusu mchana. Saa saba na dakika arobaini, kwenye meza ya mapokezi, mwanamke aliyevaa jaketi la kampuni, kibandiko kifuani kimeandikwa Seol, aliinua macho kutoka kwenye orodha. "Na huyu bwana ni nani?"

"Mdogo wangu wa mwisho," Bibi Guk akajibu kabla ya mtu mwingine kuvuta pumzi. "Usimwone na mvi hizi ukamheshimu bure. Alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Mimi ndiye niliyekuwa naanika magodoro."

Jongbae akainama kusalimia. Angefanya nini? Bi Seol akaangalia mikono yake, mikono mipana yenye nyufa za simenti ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzifikia. Akasema atawasindikiza juu yeye mwenyewe. Kamera ya kuonyesha joto, pimamaji na fimbo ya kugongea, yote yalibaki kwenye buti la gari la Jongbae, yanamsubiri kama mbwa aliyefungwa.

Fleti ilikuwa ghorofa ya kumi na sita. Wakavua viatu. Jongbae akatembea sebuleni mara moja, kwenda na kurudi, soksi mfukoni, na Hyeran akamwona uso unabadilika kama wa mtu anayesikiliza redio ya mbali. "Washa joto vyumba vyote," akamnong'oneza. "Sakafu baridi haisemi kitu."

Bi Seol alinung'unika kwamba boila ya kuchemshia maji ya mabomba imewekwa kwa majaribio tu, siyo kwa starehe. Bibi Guk akamuuliza kama yeye mama yake anamlaza juu ya barafu. Joto likawashwa.

Kusubiri sakafu ipate moto si mchezo, inachukua saa nzima. Kwa hiyo Jongbae akaenda bafuni, na kule ndipo alipokumbuka kwamba hana cha kugongea. Akafungua mfuko wa chakula, akachomoa kimoja kati ya vijiti viwili vya chuma vya kulia chakula, akaanza kugonga vigae. Ti, ti, ti, ti. To.

"Hapa," akasema. Hyeran akabandika stika.

Ti, ti, ti. To. To.

"Jongbae!" Bibi Guk alikuwa mlangoni. "Kijiti changu unakigongea chooni? Mimi nitalia nini leo, vidole?"

"Nitakiosha, dada."

"Utakiosha! Utakichemsha!"

Bi Seol naye alikuwa nyuma yake, mikono kifuani. "Mjomba anajua kugonga," akasema polepole. "Mjomba anafanya kazi gani?"

Jongbae alikuwa mkaguzi mzuri lakini mwongo wa daraja la tatu. Kwa familia zile nyingine alikuwa ananyamaza tu na kutabasamu.

"Mpiga ngoma," Bibi Guk akasema. "Kwenye kundi la kijiji, sikukuu za mavuno. Hawezi kuona kitu bila kukigonga. Mke wake ana taabu, maskini. Alimgonga hata daktari wa meno."

"Wa meno?"

"Kwenye paji la uso. Akasema linalia vizuri."

Bi Seol akageuka ghafla kuangalia dirisha, na mabega yake yakatikisika kidogo. Jongbae akarudi kwenye ukuta. Mtu wa vigae hivi, aliona, alianza vizuri kona ya juu, mistari imenyooka kama askari, kisha katikati akabadilika kabisa. Si uzembe. Mkono mwingine. Wa pili alikuwa mfupi zaidi, kwa sababu kazi yake inaanza kulegea pale mkono unapopanda juu ya kichwa. Wa kwanza alikwenda wapi? Aliitwa ghorofa nyingine? Aligombana na msimamizi? Maswali kama haya ndiyo yaliyomfanya apende kazi, ingawa hakuna fomu yenye nafasi ya kuyaandika.

Chumba cha Bibi Guk kilikuwa cha tatu, mkono wa kulia, kidogo, chenye dirisha linalotazama upande wa milima. Aliingia mwenyewe. Akakunja koti la juu likawa mto, akajilaza katikati ya sakafu tupu na koti la chini limefungwa vifungo vyote, akatazama dari. Hyeran akabaki amesimama mlangoni.

"Vipi, mama?"

"Nimelala sasa hivi. Ulitaka niote ndoto kabisa?"

"Nauliza tu."

"Mimi nitakwambia tatizo la nyumba zenu hizi, na si kwamba ni baridi. Nilikwenda kwa binti wa jirani yangu mama Pyo, ghorofa ya ishirini na ngapi sijui. Moto upo. Lakini moto uko kila mahali sawasawa, kama maji ya kuogeshea mtoto. Nikauliza, sasa mkubwa anakaa wapi? Wananiangalia. Popote, bibi. Popote! Mtu mzima nimelea watoto watano, nikae popote kama mwavuli."

Jongbae alimwelewa kabla ya Hyeran. Kwenye nyumba za kuni moto huwaka jikoni, moshi wake unapita chini ya sakafu ya chumba, kwa hiyo upande ulio karibu na jiko unaungua na upande wa mbali unabaki baridi. Upande wa jiko ni wa wazee na wageni. Pale ndipo bakuli la wali la baba aliyechelewa linapofunikwa na blanketi lisipoe, pale ndipo mama mzazi anapolala na mtoto mchanga. Upande wa baridi unawekwa viazi vitamu, ndoo ya maji, na wakwe wasiopendwa. Mtu akiingia chumbani anajua heshima yake kwa nyayo, hakuna haja ya kuambiwa.

Kisha wakala. Wali uliozungushiwa majani makavu ya mwani, mayai ya kuchemsha, chai ya shayiri kwenye chupa. Bi Seol alikataa mara mbili, mara ya tatu akala mayai mawili. Kijiti kilikuwa kimeshaoshwa kwa maji ya moto mbele ya mashahidi.

Ilipofika saa tisa kasoro, sauti ya Bibi Guk ikatoka chumbani. "Jongbae! Njoo hapa."

Walimkuta hayupo katikati tena. Alikuwa amejiviringisha hadi karibu na mlango, amelalia ubavu, kiganja kimoja chini ya shavu. "Hapa kuna nini?" akauliza.

"Kuna nini, dada?"

"Ndiyo nakuuliza wewe mpiga ngoma. Hapa panaungua. Pale," akaonyesha dirishani kwa kidevu, "nimepita kwa mgongo, panauma baridi. Na humu katikati si hivi wala si vile."

Jongbae akaingia chumbani peku. Hatua ya kwanza, moto wa kutosha kuchemshia soksi. Ya pili, moto. Ya tatu vuguvugu. Ya nne, hm. Ya tano akasimama kwa mguu mmoja, akaweka kisigino, akaweka vidole, akarudi nyuma, akaja tena. Kwenye buti la gari kamera ingemwonyesha yote kwa rangi kwa sekunde moja. Hapa alikuwa na nyayo tu, na nyayo zilimwambia kitu ambacho hakukiamini.

"Kuna karatasi za jikoni?" akauliza.

Hyeran alikuwa na roli zima, amelileta kufutia madirisha. Jongbae akazilowesha, akazikamua, akazitandika sakafuni moja moja kwa mstari, kutoka mlangoni mpaka dirishani, akazibana kwa kiganja zikashika. "Sasa tuangalie," akasema. "Ni saa za mwanzo tu ndizo zinazoonyesha. Sakafu ikiwashwa kutwa nzima inasahau bomba liko wapi."

Wakachuchumaa wote, hata Bi Seol na jaketi lake la kampuni, vichwa vimekaribiana kama wanaotazama vifaranga vinaangua. Karatasi ya kwanza ikaanza kukauka, lakini si yote: mstari mweupe ukatokea, kisha mwingine pembeni yake, kisha mwingine, karibu karibu kama vidole vya mkono.

"Hee," Bi Seol akasema.

"Hayo ni mabomba," Jongbae akanong'ona. Karatasi ya tatu mistari ikaanza kuachana, ya tano ikawa na mstari mmoja tu, mpana, umechoka. Mbili za dirishani zilibaki zimelowa, hazina habari.

Akakaa chini kabisa, magoti yakilia. Sasa aliiona siku yenyewe. Kila chumba kinapewa roli lake la bomba, na halitakiwi kuungwa chini ya sakafu, kwa sababu maungio ndiyo yanayovuja. Fundi alianzia mlangoni, akabana mabomba kwa mkono wa mazoea, sentimita kumi na tano, labda pungufu. Kufika katikati ya chumba akatazama roli, akaona limebaki la kufunga kondoo. Kulifumua lote aanze upya? Nje giza linaingia. Basi akalivuta, akaachia nafasi, thelathini, arobaini, akageuza mapema, akarudi kwenye vali. Maji yalizunguka, mkaguzi wa kampuni akaona maji yanazunguka, akatia alama ya sawa.

"Sentimita kumi na tano mwanzoni hazifiki," akasema kwa sauti, akijisahau kabisa. "Huku mwisho ni arobaini na zaidi. Halafu akaja wa kumwaga, akaona, akamwagia juu."

"Wa kumwaga aliona?" Hyeran akauliza.

Wa kumwaga huona. Siku zote huona, kwa sababu anatembea juu ya mabomba yale yakiwa wazi na ndiye mtu wa mwisho duniani kuyaona. Jongbae mwenyewe aliyaona mara ngapi? Chumba cha Jecheon, kile cha Hoengseong, na vingine ambavyo hakukumbuka vilikuwa mji gani. Lori la mchanga lilikuwa chini linanguruma, msimamizi anapiga simu. Alimwaga, akasawazisha vizuri sana, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Aliona," akasema.

"Mjomba." Ilikuwa Bi Seol. Alikuwa bado amechuchumaa, anamwangalia kutoka chini. "Tangu lini mpiga ngoma akajua bomba linaachana kwa sentimita ngapi?"

Kampuni ikimtoa mtu kwa kuleta mkaguzi, fomu yake inafutwa na siku yake imekwisha, na vigae kumi na saba vyenye uwazi vinabaki kuwa vyake milele. Bibi Guk akainua kichwa kutoka sakafuni, tayari kusema uongo mwingine, na kwa kumwangalia uso, ungekuwa mkubwa.

Bi Seol akawahi. Alisogeza mlango kwa mguu, ukafungwa. "Na mimi nimenunua humu," akasema chini chini. "Ghorofa ya tisa. Wafanyakazi tumepangiwa kesho saa nne. Nina mama mmoja na ndugu sina." Akatazama karatasi zilizolowa, akatazama mikono ya Jongbae. "Mjomba una nafasi kesho?"

"Bei yake yeye ni mayai," Bibi Guk akasema, akarudisha kichwa chini. "Na umkemee akigusa vijiti."

Hyeran alicheka kwa pumzi moja, halafu akarudi kwenye jambo lake. Alikwishachana stika nyekundu kutoka kwenye roli. Kasoro ndiyo hii, kubwa kuliko zote, na aliipata siku ya kwanza mbele ya shahidi wa kampuni. Watavunja sakafu, watatandika upya. Akainama dirishani kuibandika.

"Usibandike," mama yake akasema.

"Mama, nusu ya chumba ni baridi."

"Mimi nalala nusu ipi?"

"Hujasikia? Fundi aliishiwa bomba. Ni makosa."

"Makosa yake, bahati yangu. Hyeran, njoo ukae hapa. Hapa, karibu nami. Weka mkono." Hyeran akaweka mkono. "Sasa weka kule. Unaona? Mtu akiingia hapa atajua mama mwenye nyumba anakaa wapi. Viazi vyangu nitaviweka wapi? Kule. Yule mume wa dada yako akija atakaa wapi?"

"Mama."

"Kule kule na viazi. Mkivunja hii mtaniletea ile ya maji ya mtoto. Basi nirudishe mlimani leo leo."

Hyeran akabaki na stika kwenye kidole, amekaa sakafuni na sketi yake nzuri, katikati ya joto na baridi. Akamgeukia Jongbae. "Wewe ndiye mtaalamu. Sema."

Ingekuwa rahisi kusema anachotaka Bibi Guk. Bi Seol pia angefurahi. Kampuni haipendi stika za sakafu. Lakini Jongbae alikuwa amemaliza miaka ishirini na tatu ya kunyamaza juu ya mabomba.

"Ni kasoro," akasema. "Dada usinikunjie uso, ni kasoro. Haitamlipua mtu, lakini ule ukuta wa nje utakuwa baridi na baridi inaleta jasho ukutani, na jasho linaleta ukungu mweusi. Kabati likae shubiri moja mbali na ukuta, si kugusa. Dirisha lifunguliwe kila asubuhi, hata theluji ikiwa inaanguka. Mkiweza hayo, chumba kinakalika miaka na miaka. Msipoweza, mvunje sasa."

"Kufungua dirisha nimeanza kabla hujazaliwa," Bibi Guk akasema.

"Na stika?" Hyeran akauliza.

"Stika ibandikwe. Hapana, nisikilize, dada. Ibandikwe, iandikwe kwenye fomu kwamba sakafu ya chumba cha tatu imeonekana haina mabomba ya kutosha upande wa dirisha, na kampuni itaitengeneza siku mwenye nyumba atakapoomba. Siku atakapoomba yeye, si wao. Bi Seol hapa atie sahihi. Leo msiombe."

"Tuombe lini?" Hyeran akauliza.

"Nikifa," Bibi Guk akajibu, kwa sauti ya mtu anayepanga siku ya kufua. "Nikishafukiwa vunjeni mtengeneze mnavyotaka, mkae popote."

"Mama, nyumba mpya hata funguo hatujapewa!"

"Ndiyo nasema mapema, msije mkagombana."

Bi Seol aliandika. Alifuta mara moja, akaandika tena, kwa sababu Jongbae alitaka "itatengeneza" na siyo "itaangalia uwezekano wa kutengeneza". Akatia sahihi yake na muhuri mdogo aliouchomoa kwenye mkoba. Stika ikabandikwa dirishani, pembeni kabisa. Jongbae akapita vyumba viwili vilivyobaki, kijiti mkononi, kigae baada ya kigae, bawaba baada ya bawaba, na stika zilipofika thelathini na nane wakaziacha.

Saa kumi na dakika arobaini walisikia kwenye korido sauti ya kipaza sauti inaomba familia zote zianze kutoka, wasiache vitu, wafunge mabomba ya maji. Hyeran akachuchumaa mlangoni mwa chumba cha tatu. Mama yake alikuwa amefungua vifungo vya lile koti la ndani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Macho yalikuwa yamefumba.

"Mama. Mgongo unasemaje?"

"Kabati langu la mablanketi," Bibi Guk akasema bila kufumbua, "lisiguse ukuta. Shubiri moja. Yule mdogo wangu amesema."

"Kwa hiyo utahamia?"

Hyeran akasogea karibu. Akauliza tena, taratibu zaidi, kisha akamwangalia Jongbae, na Jongbae akaweka kidole mdomoni. Kutoka kwenye upande wa joto ilianza kusikika sauti nyembamba, ya kuvuta na kuachia, kama msumeno wa mtu mwenye subira.

Kipaza sauti kikarudia. Walinzi walikuwa wameanza kugonga milango ya ghorofa ya juu. Simu ya Bi Seol ikaita. Akaipokea huku anatoka chumbani kwa vidole vya miguu, akavuta mlango nyuma yake ukabaki wazi kidogo, akageukia ukuta na kuziba mdomo kwa kiganja.

"Hapana, kumi na sita sifungi bado," akasema. "Chumba cha tatu kinakaguliwa."